Pompe ya asma na meno ya mtoto: usiitupe, msuuze kinywa

Usiku unaweza kuwa mrefu sana kwenye nyumba yenye mtoto wa asma, ile wengine wanaita pumu. Mtoto anakohoa, kifua kinalia kama filimbi, mama anapapasa gizani kutafuta pompe. Akishapumua vizuri, wote wanarudi kulala. Nani atakumbuka meno saa ile?

Lakini meno nayo yanaguswa. Mzazi anaona jino la mtoto linageuka rangi ya kahawia au linatoboka, jirani anamwambia: "Ni ile pompe inamkula meno." Basi pompe inawekwa kando. Hapo ndipo hatari kubwa inaanzia, kwa sababu jino linaweza kuzibwa, lakini shambulio la asma bila dawa linaweza kuua mtoto.

Hapa Shituru jambo hili linatuhusu. Komine yetu ina jina moja na kiwanda cha Gécamines cha kusafisha shaba, kilichoanza mwaka 1929, wakati wa Union Minière. Kazi ile inatumia asidi ya salfa. Gesi ya salfa, vumbi la barabara wakati wa kiangazi na moshi wa makala jikoni, vyote vinajulikana kwamba vinachokoza kifua chenye asma. Kwa hiyo pompe si kitu cha kuchezea.

Juu ya nini meno yanaharibika?

Sababu ya kwanza ni mate. Mate yanaosha meno na kupunguza nguvu ya asidi, ile vijidudu vinatengeneza kila mara mtoto anapokula sukari. Dawa ya kufungua kifua kama salbutamol, ikitumiwa mara kwa mara, inaweza kupunguza mate. Tena mtoto wa asma mara nyingi anapumulia kinywani, na kinywa kinakauka zaidi.

Sababu ya pili inafuata hiyo: kinywa kikikauka, mtoto anasikia kiu, na sisi tunampa juisi, soda au chai ya sukari nyingi. Ya tatu, dawa zingine za maji, zile za siro, zina sukari ndani. Mtoto akinywa siro usiku na kulala palepale, sukari inabaki juu ya meno mpaka asubuhi, wakati mate ni kidogo kabisa.

Ya nne ni pompe ya kuzuia, ile ya kortikoidi kama beklometasoni. Sehemu ya dawa inabaki kwenye ulimi na kooni, na inaweza kuleta fangasi: utando mweupe wenye kuwasha, mtoto anakataa kula.

Mwaka 2011 watafiti wa Finland walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa katika nchi mbalimbali. Waliona kwamba kwa watu wenye asma, hatari ya meno kutoboka ni karibu mara mbili. Hii haimaanishi kila mtoto wa asma atapoteza meno. Inamaanisha anahitaji uangalizi zaidi.

Tufanye nini nyumbani?

Kila baada ya pompe, mtoto asuuze kinywa na maji safi, kisha ateme. Kama ni mdogo na hajui kutema, anywe maji kidogo, au umpanguse ulimi na meno kwa kitambaa safi chenye maji. Siro ya usiku apewe kabla ya kupiga mswaki, siyo baada.

Mswaki upigwe mara mbili kwa siku, na dawa ya meno yenye floridi. Angalia kama kwenye tyubu wameandika fluor. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, weka kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3, kiasi cha njegere moja. Akisikia kiu, maji ndiyo kinywaji chake.

Kuna pia chupa. Pompe ikipitishwa ndani ya chombo cha kati, dawa nyingi inafika mapafuni na kidogo inabaki kinywani. Chombo cha dukani ni ghali, lakini utafiti wa hospitali ya watoto ya Cape Town, uliotoka mwaka 1999, ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa pompe na kuzibwa vizuri pembeni, inasaidia sawa na kile cha dukani. Omba muuguzi wa kituo cha afya akuonyeshe namna ya kuitengeneza. Kwa mtoto mdogo sana inahitaji maski.

Jino likiuma, usimpe mtoto aspirini. Watu wengine wenye asma wanashikwa na shambulio baada ya aspirini au ibuprofeni. Uliza paracetamol, kwa kipimo cha uzito wake. Na ukifika kwa daktari wa meno, mwambie mapema kwamba mtoto ana asma, na mwende na pompe mkononi.

Mtoto akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikigeuka bluu, mpe pompe na kimbia hospitali mara moja. Meno tutayaangalia kesho yake.