Gari la Michezo na Marekebisho Madogo ya Mwenyewe

Mtu apatapo gari jipya hakawii kulifanya liwe lake. Wiki ya kwanza huliosha kila asubuhi. Wiki ya pili huuvika usukani ngozi, hubadili kichwa cha gia, na hutundika pambo chini ya kioo cha kutazamia nyuma. Baada ya miezi michache huanza kuulizia magurudumu mapana, springi fupi na bawa la nyuma. Tamaa hiyo si ya kulaumiwa. Mwenye jahazi hupamba omo ya chombo chake, na mwenye basi huandika methali nyuma ya basi lake. Binadamu hupenda chombo kinachombeba kimtambulishe.

Kwa gari la michezo, hata hivyo, jambo hili lina upande wa pili. Gari la michezo si gari la mashindano. Ni gari dogo na jepesi, aghalabu la watu wawili, lililoundwa kwa ajili ya raha ya kuliendesha kuliko kubeba abiria na mizigo. Raha hiyo hutokana na uwiano wa sehemu zake zote, na kila kinachoongezwa, hata kikiwa kidogo, huugusa uwiano huo. Makala haya yanaeleza ni marekebisho yapi hayana madhara, ni yapi yenye gharama iliyojificha, na kwa nini.

Mfano mmoja: Mazda MX-5

Gari la Mazda MX-5 lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago, Marekani, mwezi Februari 1989. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6 tu, na uzito wake haukufika tani moja. Wahandisi wake wa Japani waliongozwa na wazo la kale la nchi yao kwamba mpanda farasi na farasi wawe mwili mmoja. Kwa ajili hiyo walitengeneza boneti ya alumini ili kupunguza uzito, wakaunganisha gia na difu kwa boriti ya alumini ili gari liitikie mguu wa dereva bila kuchelewa, na wakagawa uzito karibu nusu kwa nusu baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kufikia mwaka 2016 magari ya aina hiyo yaliyokwisha kutengenezwa yalifika milioni moja, na wenye nayo wengi wameyafanyia marekebisho ya kila namna. Kwa sababu hiyo linafaa sana kuwa mfano.

Viganja vinne juu ya lami

Gari lenye uzito wa kilo 1,000 huyatwika magurudumu yake manne kilo 250 kila moja, kwa wastani. Ikiwa tairi limejazwa upepo wa kilo 2 kwa kila sentimeta mraba, eneo linalogusa barabara ni takriban sentimeta mraba 125, yaani mraba wenye upande wa sentimeta 11 hivi. Huo ni karibu ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kila amri ya dereva, iwe ya kuongeza mwendo, ya kufunga breki au ya kukata kona, hupitia katika viganja hivyo vinne na si penginepo.

Gari likiwa jipya kabisa, viganja hivyo havijawa tayari. Uso wa nje wa tairi jipya huteleza kidogo mpaka ulike. Vitambaa vya breki havijakaa sawasawa na sahani zake, na ringi za pistoni hazijazoeana na kuta za silinda. Ndiyo sababu kitabu cha gari humtaka mwenyewe aende kwa upole katika kilometa za mwanzo. Zaidi ya hayo, atakayebadili kitu kabla ya kulizoea gari lake hatajua kama amelitengeneza au ameliharibu, kwa kuwa hana cha kulinganisha.

Maandishi ya ubavuni mwa tairi

MX-5 ya kwanza ilikuwa na matairi yaliyoandikwa 185/60 R14. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimeta. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hesabu hiyo kipenyo cha gurudumu zima ni milimeta 578. Anayetaka rimu kubwa zaidi akichagua tairi la 195/50 R15 atapata kipenyo cha milimeta 576, karibu sawa na cha awali. Lakini akichukua 205/60 R15 kwa sababu tu inapendeza, kipenyo kitakuwa milimeta 627.

Spidomita haioni barabara. Huhesabu mizunguko ya gurudumu tu. Gurudumu likikua kiasi hicho, mshale unaoonyesha kilometa 100 kwa saa humaanisha kwamba gari linakwenda zaidi ya kilometa 108. Na kwa kuwa nguvu ya mwendo inayopaswa kumezwa na breki huongezeka kwa mraba wa kasi, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hurefuka kwa takriban asilimia 18. Dereva hajui lolote. Machoni pake mshale uko palepale.

Uzito wa gurudumu nao una maana. Mwili wa gari huelea juu ya springi, lakini gurudumu haliko juu ya springi. Gurudumu zito likirushwa na shimo, springi huchelewa kulirudisha chini, na kwa muda huo kiganja kimoja kati ya vinne hakishiki barabara. Kwa hiyo rimu nyepesi ni faida ya kweli, na rimu kubwa iliyo nzito ni hasara hata kama inang'aa.

Kulishusha gari

Wengi hufupisha springi ili gari likae chini, na hoja yao ina ukweli ndani yake. Gari likikata kona, sehemu ya uzito huhamia upande wa nje, na kiasi chake hutegemea kimo cha kitovu cha uzito. Lichukuliwe gari la kilo 1,000 lenye kitovu cha uzito kilicho sentimeta 45 juu ya ardhi, na sentimeta 140 baina ya gurudumu la kulia na la kushoto. Likikata kona kwa kani ya pembeni iliyo sawa na asilimia 70 ya uzito wake, kilo 225 zitahama. Likishushwa sentimeta 3, zitahama kilo 210. Faida ni kilo 15, yaani chini ya asilimia 7.

Sasa itazamwe gharama yake. Ikiwa springi zilikuwa na nafasi ya sentimeta 8 za kubonyea kabla ya kugonga mpira wa kizuizi, sentimeta 3 zilizoondolewa ni zaidi ya theluthi ya nafasi hiyo. Shimo au tuta ambalo jana lilimezwa na springi leo litagonga mpira, na pigo litakwenda moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Likitokea katikati ya kona, tairi huongezewa mzigo ghafla, na hapo ndipo gari huteleza bila kumwonya dereva. Shokomzoba zilizopimwa kwa springi za awali nazo hazitalingana tena na springi mpya.

Upepo

Kani ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: gari likitoka kilometa 60 hadi 120 kwa saa, kani hiyo huwa mara nne. Kwa hiyo bawa la nyuma karibu halifanyi kazi yoyote mjini, lakini lina kazi kubwa katika kasi ya juu. Porsche walilionyesha jambo hili mwaka 1972 walipotoa gari lao la 911 Carrera RS 2.7. Juu ya kifuniko cha injini yake, iliyo nyuma, waliweka mkia mfupi uliobinuka kama mkia wa bata. Mkia huo ulipunguza kani iliyokuwa ikiyainua magurudumu ya nyuma. Haukuwa pambo, uliumbwa kwa vipimo. Bawa lililonunuliwa dukani bila kipimo chochote huongeza uzito na ukinzani wa hewa, na likiibonyeza nyuma peke yake huiacha mbele ya gari ikiwa nyepesi zaidi.

Taa, usukani na pambo la kioo

Taa ya wati 55 katika umeme wa volti 12 hutumia ampea 4.6 hivi. Ikibadilishwa kwa ya wati 100, hutumia ampea 8.3. Joto ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa ampea. Kwa hiyo waya uleule sasa huzalisha joto zaidi ya mara tatu. Nyaya zilizobebeshwa zisichokiweza huweza kuanzisha moto ndani ya gari.

Usukani wa sentimeta 34 badala ya 38 huhitaji kani ya mkono iliyozidi kwa takriban asilimia 12. Hilo huvumilika. Lakini ikiwa usukani wa awali una mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, kuuondoa ni kuondoa kinga yenyewe. Hata nembo ya chuma iliyobandikwa juu ya kifuniko cha mfuko ni hatari, kwani mfuko huo hujaa kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na nembo hiyo hurushwa usoni mwa dereva.

Pambo la kioo huonekana halina neno. Lakini pambo lenye upana wa sentimeta 10, likining'inia sentimeta 60 kutoka machoni, huficha upana wa karibu meta 1.8 katika umbali wa meta 30, hata baada ya kuhesabu kwamba macho ni mawili. Upana huo watosha kumficha mtoto aliye juu ya baiskeli.

Yako mapambo yasiyo na gharama hizo. Kichwa cha gia cha mti ni mfano mzuri. Gari lililoegeshwa juani huupasha mti na chuma joto lilelile, lakini chuma hulipeleka joto hilo mkononi upesi, na mti hulipeleka polepole. Ngozi nzuri ya viti, zulia la sakafuni lililofungwa imara lisiteleze chini ya pedali, rangi na nembo za mwilini: hivi vyote humpendeza mwenyewe bila kuviingilia viganja vinne.

Funzo la Safari

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wao wa karibu. Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani lenye injini ya lita 2.4, lilishinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Magari hayo yalibadilishwa mengi, lakini kila badiliko lilijibu swali la barabara: bamba la kuikinga injini dhidi ya mawe, taa za kupenya giza na vumbi. Hakuna aliyeyashusha ardhini ili yapendeze.

Basi mwenye gari jipya na ajiulize mambo matatu kabla ya kufungua kisanduku cha spana. Je, badiliko hili litagusa barabara, yaani matairi, springi au breki? Je, litagusa macho ya dereva au kinga yake? Je, litaongeza mzigo katika umeme? Jibu likiwa hapana kwa yote matatu, afanye apendavyo. Likiwa ndiyo kwa lolote, apime kwanza, abadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kile cha awali akihifadhi mahali pakavu. Huenda akakihitaji tena.