Mafuta ya Gari, Subira na Haki ya Aliye Nyuma Yetu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na kuanzia asubuhi hiyo kila nyumba yenye gari hulazimika kupiga hesabu upya. Waliokuwa wakiendesha mwaka 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita hapa Dar es Salaam, hawahitaji kuelezwa namna tangi la gari linavyoweza kula ada ya mtoto. Bei hiyo hatuna uwezo nayo. Kilichomo mikononi mwetu, au tuseme miguuni mwetu, ni idadi ya lita tunazozichoma baina ya nyumbani na kazini, nayo hutegemea sana tabia ya dereva.

Mawaidha ya kubana mafuta aghalabu huhusu gari tu: matairi, plagi, chujio la hewa. Yote hayo ni ya kweli na tutayagusa. Lakini dereva anayebana mafuta hayuko peke yake barabarani. Nyuma yake yuko mwenye haraka, anayepiga honi na kuwasha taa kubwa, na ubavuni mwake yuko anayechomekea. Wengi tuliozungumza nao baada ya swala wanasema kwamba walijaribu kuendesha kwa utaratibu, wakadumu siku mbili au tatu, kisha honi za nyuma zikawarudisha katika mwendo wa zamani. Kwa hiyo anayetaka kuokoa mafuta mjini kwetu hana budi kujua pia namna ya kuishi na wasio na subira.

Tuanze na mafuta yenyewe yanavyopotea. Gari linapoondoka, injini huchoma mafuta mengi ili kuupa uzito wote ule mwendo. Dereva anapokanyaga breki, mwendo huo uliokwisha kununuliwa kwa fedha hugeuka kuwa joto katika magurudumu, ukapotelea hewani. Basi anayeng'oka kwa nguvu kutoka taa za Magomeni ili awahi kusimama kwenye taa zinazofuata amelipa mara mbili: amenunua mwendo kwa bei kubwa, kisha akautupa. Anayetazama mbali, akaona taa nyekundu ingali mita 200 mbele na akaondoa mguu kwenye mafuta mapema, hupata faida ambayo wengi hawaijui. Katika magari mengi ya siku hizi, mguu ukiondolewa gari likiwa ndani ya gia, injini husitisha kabisa kupokea mafuta kwa muda, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Mita hizo mtu huenda bure.

Kwa ajili hiyo, nafasi iliyoachwa mbele ya gari ndiyo akiba yenyewe. Mwenye nafasi hupunguza mwendo polepole na kuongeza polepole, ilhali anayembana aliye mbele yake hulazimika kukanyaga breki kila mwenzake anapokanyaga. Lakini hapo ndipo mtihani unapoanza, kwa sababu nafasi hiyo, katika foleni ya Dar es Salaam, haikai nusu dakika bila mtu kuchomekea. Dereva huona kama amedhulumiwa. Damu humchemka, akaifunga nafasi, na akiba yote ikaondoka pamoja na utulivu wake.

Hebu tupige hesabu kwa makadirio. Gari moja likiingia mbele yetu katika foleni inayotembea, linatuchelewesha kwa takriban sekunde 2, nazo ni muda wa gari moja kupita mahali lilipopita lingine. Wakituchomekea madereva 20 kutoka Mbezi hadi Kariakoo, tumechelewa sekunde 40. Tena baadhi yao watakata kushoto au kulia kabla ya safari kwisha na kuturudishia nafasi. Sekunde 40 hazifiki hata muda wa kutafuta mahali pa kuegesha gari. Kuna watu waliogombana hadharani, na wengine waliogongana, kwa ajili ya sekunde 2.

Inafaa pia tuwatazame hao wasio na subira kwa jicho la uadilifu, maana si wote wa aina moja. Dereva wa daladala, kwa mfano, mara nyingi hudaiwa hesabu ya tajiri kila jioni; mafuta ni juu yake, na kila tripu aliyoikosa ni pungufu katika riziki ya nyumbani kwake. Hilo halihalalishi kutanua pembeni mwa barabara wala kusimama katikati ya njia ili apakie abiria. Lakini linatusaidia kuelewa kwamba haraka yake hailengi kutudharau, na anayeelewa hivyo humpisha bila kuumia moyo. Kijana wa bodaboda naye ana hesabu yake. Anayetushangaza zaidi ni mwenye gari la starehe ambaye hadaiwi na yeyote, na bado huendesha kana kwamba barabara ni urithi aliogawiwa peke yake.

Sasa tugeuze upande wa pili, kwa sababu mbana mafuta naye huweza kuwa dhalimu. Tunawaona wanaotembea kilomita 40 kwa saa katika njia ya kulia ya Barabara ya Nyerere, magari yamejipanga nyuma yao, nao wamejiridhisha kwamba wao ndio wenye busara. Hiyo si busara. Huku kwetu tunaendesha upande wa kushoto. Mwenye kwenda polepole mahali pake ni kushoto, na kulia ni kwa anayepita. Mtu akitusogelea kwa nyuma mno, dawa yake si kukanyaga breki ili kumtisha wala kukimbia ili kumridhisha. Tuongeze nafasi iliyo mbele yetu, ili tukihitaji kusimama tusimame taratibu na yeye apate muda wa kutambua. Tukipata pa kumpisha, tuwashe taa ya kushoto na tumpishe. Na anapotupita, tusiongeze mwendo. Lita haiokolewi kwa kumkasirisha mwenzetu hadi akapita mahali pasipofaa na kukutana uso kwa uso na mtoto anayevuka kwenda madrasa.

Vilevile kuna wanaopigiwa honi kwa sababu tu ni wanawake, au kwa sababu gari lina alama ya anayejifunza. Dada zetu kadhaa wameacha kuendesha kwa sababu hiyo, na waume zao wamerudi kuwa madereva wa kila safari ya sokoni, shuleni na hospitalini, safari ambazo nyingine zingefanywa mara moja kwa njia moja. Anayejifunza anahitaji sekunde chache zaidi kwenye makutano. Tumpe.

Nje ya mji hesabu hubadilika. Upinzani wa hewa dhidi ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, upinzani huwa mara nne. Kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, upinzani huo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Marekani ililijua hilo ilipobanwa na upungufu wa mafuta, na mwanzoni mwa mwaka 1974 ikaweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani takriban kilomita 88, katika barabara zake kuu. Faida ya kukimbia kwa upande wa muda ni hii: kilomita 100 kwa mwendo wa 80 ni saa moja na dakika 15, na kwa mwendo wa 100 ni saa moja. Hizo dakika 15 ni za kwenye karatasi tu. Anayekwenda Morogoro hukutana na vibao vya 50 katika kila makazi, hukutana na matuta, na baada ya Kibaha, barabara inapokuwa nyembamba, hukutana na misururu ya malori yaendayo Zambia, Kongo na Rwanda. Aliyetupita kwa vurugu Mlandizi tunamkuta Chalinze, nyuma ya lori.

Kuhusu malori, imezoeleka dereva wa lori kuwasha taa ya kushoto kumjulisha aliye nyuma kwamba mbele ni kweupe, na ya kulia kumzuia. Ni ihsani yao, na tunaishukuru. Lakini taa ya kushoto huweza pia kuwa na maana yake ya asili, kwamba lori linataka kukata kushoto. Asipite yeyote kwa ushahidi wa taa peke yake ikiwa jicho lake halijaona njia.

Zipo pia akiba za uongo. Mbaya kuliko zote ni kuweka gia huru kwenye mteremko ili gari lishuke lenyewe. Tumekwisha kueleza kwamba gari lililo ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, linaweza kushuka bila kuchoma chochote. Likiwa kwenye gia huru, injini huendelea kunywa mafuta ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka Kitonga gia ikiwa huru hana alichookoa, na amezibebesha breki mzigo wote peke yake. Breki zikipata joto kupita kiasi, hazishiki.

Kusimama gari likinguruma nako ni israfu ya waziwazi. Injini ya gari dogo huchoma, kwa makadirio, lita moja kwa saa ikiwa imesimama tu, pungufu au zaidi kwa kadiri ya ukubwa wake na kama kiyoyozi kimewashwa. Kusubiri kunakozidi sekunde 10 hugharimu mafuta zaidi ya kuwasha injini upya. Hatusemi kila mtu azime katikati ya foleni, maana hapo atazidisha honi. Tunasema anayemsubiri mtoto nje ya shule kwa dakika 20 azime.

Kuna nyakati mbili ambazo sisi tunaoswali tunahusika moja kwa moja. Ya kwanza ni adhuhuri ya Ijumaa. Tumefundishwa kuiendea swala kwa utulivu, tuswali tulichokidiriki na tukamilishe kilichotupita. Haifai basi mtu aifikie khutba kwa kutanua, kisha aegeshe mbele ya geti la jirani. Ya pili ni jioni za Ramadhani. Baina ya Alasiri na Magharibi barabara zetu hujaa watu wenye njaa, kiu na uchovu, kila mmoja akiikimbilia futari. Chupa ya maji na tende chache ndani ya gari hutuliza mguu kuliko mawaidha mengi. Adhana ikiadhiniwa uko Ubungo, unafuturu Ubungo.

Yaliyobaki ni ya fundi na hayana maneno mengi. Upepo wa matairi upimwe walau mara moja kwa mwezi, asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Keria ya juu ishushwe isipotumika, na mizigo iliyosahauliwa kwenye buti itolewe.

Na anayetaka kujua kama mabadiliko haya yanamfaa asitegemee mshale wa tangi. Ajaze mafuta sheli hadi pampu ikatike yenyewe, aandike kilomita zilizosomeka. Siku ya kujaza tena, ajaze vivyo hivyo, kisha agawe kilomita alizotembea kwa lita alizouziwa. Kilomita 420 kwa lita 38 ni takriban 11 kwa lita. Daftari hilo akabidhiwe kijana wa nyumbani apendaye hesabu, akae kiti cha mbele; na kila tarakimu ikishuka, amuulize baba ni nani aliyekuwa akimkimbiza wiki hiyo.