Mita moja, mifuko mitatu: hesabu ya mfuko wa kitambaa wa begani

Angalia mifuko ya kitambaa inayotupwa. Kitambaa chenyewe kwa kawaida bado ni kizima. Kilichoachia ni mkanda, pale unapokutana na mdomo wa mfuko, au mshono wa chini uliobeba uzito wote. Fundi alifuata pateni ile ile iliyozoeleka: mistatili miwili iliyounganishwa pande tatu, na mikanda miwili iliyochomekwa kwenye upindo wa juu. Ni pateni rahisi kukata, lakini imeweka mshono hasa mahali mzigo unapokaa, na inakula kitambaa kwa namna ambayo mteja haioni mpaka apige hesabu.

Basi tupige hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Weka za mtaani kwako, maana bei ya Kariakoo siyo ya Songea. Vipimo ndivyo vya kushika.

Marekebisho ya kwanza ni kuondoa mshono wa chini. Kata kipande kimoja kirefu, upana sentimita 43 na urefu 94, ukikunje katikati, na kile kikunjo ndicho kitakuwa kitako. Pembeni unaacha sentimita 1.5 kila upande kwa ajili ya mshono, na juu sentimita 5 kila ncha kwa ajili ya upindo: moja unakunja ndani, nne zinabaki upana wa upindo wenyewe. Ukishashona ubavu wa kushoto na wa kulia, geuza nje ndani, vuta kila kona ya chini iwe pembetatu, kisha piga cherehani mstari wa sentimita 10 kuikata ile pembetatu. Unapata mfuko wenye kitako cha sentimita 30 kwa 10 na kimo cha 37, unaobeba kama lita 11, na pakiti ya unga inasimama badala ya kulala kifudifudi juu ya nyanya. Kona hizo hazikuongezei hata sentimita moja ya kitambaa. Ni dakika chache za fundi, na ukiniuliza mimi, ndizo dakika zenye thamani kuliko zote kwenye mfuko huu.

Sasa mkanda, ambako ndiko fedha inakopotea.

Chukua turubai la pamba lenye upana wa sentimita 150 (sisemi lile la plastiki la kufunikia mizigo). Ukitaka mikanda ya kitambaa kile kile, kila mfuko unahitaji vipande viwili vya sentimita 75 kwa 14, ambavyo vikikunjwa mara nne vinatoa mkanda wa upana wa 3.5. Panga juu ya meza: miili miwili inachukua sentimita 86 za upana, mikanda minne inachukua 56, jumla 142. Mita moja imeisha, na umepata mifuko miwili. Mwili wa tatu hauingii.

Ukinunua mkanda wa begi uliofumwa tayari, ule unaouzwa kwa mita, hesabu inabadilika. Miili mitatu inachukua sentimita 129, na kinabaki kipande cha sentimita 21 kwa 100, ambacho kinatosha mfuko mdogo wa ndani kwa kila begi, wa simu na funguo. Kila mfuko utahitaji mita 1.5 za mkanda. Tuseme mita ya turubai ni shilingi 12,000 na mita ya mkanda ni 1,000. Njia ya kwanza inakupa kila mfuko kwa kitambaa cha 6,000. Njia ya pili ni 4,000 ya kitambaa na 1,500 ya mkanda, yaani 5,500, na fundi hana kazi ya kukunja, kupiga pasi na kushona mikanda.

Kanuni inayotoka hapo ni nyepesi kukumbuka: mkanda wa kununua unalipa maadamu bei ya mita yake haizidi sehemu moja ya tisa ya bei ya mita ya turubai. Kwa mfano wetu, ukivuka kama shilingi 1,330, rudi kwenye mkanda wa kushona. Lakini hata hapo pima kazi ya fundi kabla hujaamua, kwa sababu kukunja turubai mara nne na kulipitisha kwenye cherehani la kawaida ni kero, na fundi mwenye akili atakutoza kero hiyo.

Mkanda wowote utakaochagua, usiwe chini ya sentimita 3 kwa upana. Mwembamba unakata bega. Ukiukata kutoka kwenye kitambaa, ukate kufuata mtande, yaani sambamba na ukingo wa jora, wala usiukate mshazari hata kama mabaki yanakushawishi; mkanda wa mshazari huvutika kila unapobeba, na baada ya muda mfuko unakugonga gotini. Sentimita 75 zinatosha. Ukitoa zinazozama kwenye upindo, unabaki na nafasi ya kama sentimita 30 toka bega hadi mdomo wa mfuko, na mkono unapita bila shida.

Namna ya kuufunga mkanda ni suala la sekunde, lakini ndilo linaloamua umri wa mfuko. Ncha ikunjwe, izame upana wote wa upindo, kisha ishonwe mraba wenye msalaba ndani yake. Mstari mmoja wa kwenda na kurudi hautoshi. Mwambie fundi kabla, na umwonyeshe kwa kidole, kwa sababu akiwa na oda nyingi atapiga mstari mmoja na kukuambia mambo safi.

Turubai si lazima. Kitenge kinapendeza zaidi, na watu wengi wanacho nyumbani. Tatizo lake ni wepesi: kwa mzigo wa sokoni kinataka kishonwe tabaka mbili. Upana wake mara nyingi ni kama sentimita 115, kwa hiyo miili miwili (86) na mikanda miwili (28) inaenea kwa kubanana kabisa. Mita moja ya kitenge, basi, inatoa mfuko mmoja. Weka hiyo mbele ya turubai: kitenge kinakuwa nafuu pale tu mita yake inapouzwa chini ya nusu ya mita ya turubai, na bado hujahesabu kwamba fundi anashona mfuko mara mbili. Kifue kwanza. Kitenge cha bei ya chini huja kimejaa wanga, kigumu kama karatasi, na ule ugumu uliokufanya ukipende dukani unaondoka na maji ya kwanza.

Kanga ina mtihani wake. Kipande kimoja ni kama sentimita 150 kwa 110, na kinatoa miili mitatu kwa mkao ule ule wa turubai: miwili kwa tabaka mbili, wa tatu unakatwa mikanda. Hesabu imekaa vizuri. Ila jina la kanga limelala kwa upande mrefu, na mkato huu unalipasua, kwa hiyo utatembea na robo ya methali begani. Tena, kwa kuwa mwili ni kipande kimoja kilichokunjwa, chochote kilichosimama sawasawa mbele kitakuwa kichwa chini nyuma. Anayetaka maandishi yasomeke akubali kurudi kwenye vipande viwili na mshono wa chini, na mshono huo apige mara mbili. Kanga kuukuu, iliyofuliwa miaka, isibebe mzigo peke yake. Iwe tabaka la ndani.

Bei ya chini kuliko zote ni suruali ya jinzi ya mtumba. Mguu ukifumuliwa mshono wa ndani na kulazwa wazi, unapata pande la kutosha upande mmoja wa mfuko, na mifuko ya nyuma ya suruali inakuwa mifuko ya begi bila gharama. Epuka jinzi zinazovutika. Utahitaji sindano namba 16, na mshono wa chini hauepukiki. Mfuko huu una nguvu za kutosha kubeba viazi, lakini ni mzito hata ukiwa mtupu, na ukilowa unachukua siku kukauka.

Je, yote haya yanashinda kununua mfuko mbadala wa dukani? Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 28, 2017, Tanzania Juni 1, 2019, na nafasi ya rambo ikachukuliwa na ile mifuko mbadala ya rangi rangi. Kiwango cha Tanzania kinautaka mfuko mbadala uwe na angalau gramu 70 kwa mita ya mraba. Turubai la wastani lina zaidi ya 300. Tuseme mbadala mmoja ni shilingi 500 na unakufikisha sokoni mara tano kabla haujaachia: ni shilingi 100 kwa safari. Mfuko wa turubai, kitambaa na mkanda 5,500, uzi na ufundi tuseme 4,500, jumla 10,000. Unarudisha fedha yako kwenye safari ya 100. Kwa anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki, huo ni mwaka mmoja. Kwa anayekwenda mara moja, ni kama miaka miwili. Mfuko wenye mikanda iliyofungwa vibaya hauwezi kufika huko, na ndiyo maana nimeng'ang'ania ule msalaba.

Wanaoshona kwa ajili ya mazingira nao wana hesabu yao. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti mwaka 2011 ukionyesha kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo athari yake kwa tabianchi iwe sawa na ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu. Kilimo cha pamba na viwanda vya nguo si jambo dogo. Kushona mifuko kumi ya kupendeza na kuitundika ukutani ni hasara kwa mfuko wako na kwa dunia pia.

Kuna vitu sitavilipia. Bitana ni kimoja. Inakaribia kuongeza kitambaa maradufu, inaficha uchafu wa mboga na inachelewa kukauka. Kinachohitajika ni mshono uliofichwa: unashona kwanza upande wa nje, unapunguza kingo, unageuza, unashona tena ndani, na nyuzi zote zinazama. Ile sentimita 1.5 ya pembeni iliachwa kwa ajili hiyo, na hata cherehani la miguu linaiweza bila ovaloki. Zipu nayo ni ya begi la ofisini. Uzi, kwa upande mwingine, usibane: chukua wa poliesta, kwa sababu wa pamba unaoza mapema kwa maji na jasho.

Loweka kitambaa usiku kucha kabla ya kukata. Pamba hurudi ikifuliwa, na mita inaweza kubaki sentimita 95 au 96. Mwili wa 94 bado unaingia. Ukikata kwanza na kufua baadaye, kilichopungua kitapungua kwenye mfuko.

Uamuzi wangu: turubai la pamba, mwili wa kipande kimoja, mkanda wa kununua, bila bitana, mitatu kwa mita. Shona na jirani wawili, mgawane mita moja, kila mmoja wake. Mfuko wa pili uagize wa kwanza ukishachakaa.