Samaki wa Rangi Nyumbani (Sehemu ya 3): Binti Mfalme wa Burundi

Tanzania ilipofunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mazungumzo yote yalikuwa ya ndagala na mukeke. Ni haki, maana ndio kitoweo. Lakini kwenye miamba ya ziwa hilohilo wamo samaki wa rangi wanaogombewa Ulaya na Marekani, nasi wenye ziwa hatuwajui hata kwa sura.

Msomaji wa Giteranyi, Muyinga, Burundi, anataka kufuga samaki wa matumbawe sebuleni. Ndugu yangu, bahari iko kilomita zipatazo 1,000 kutoka kwako, na kila lita ya maji yake ina gramu 35 hivi za chumvi, ambayo utainunua na kuipima kila ubadilipo maji. Kwa nini uhangaike, na Tanganyika ni yako?

Mwaka 1898 Boulenger, mtaalamu wa makumbusho ya London, aliwaeleza wenzake samaki wa ziwa hili aitwaye Tropheus moorii, jina la Moore, mtafiti aliyemtoa ziwani. Miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard, akiishi Bujumbura, akawa anawapeleka samaki wa Tanganyika ng'ambo kwa ndege wakiwa hai. Mwaka 1974 mtaalamu wa samaki Max Poll akampa samaki mwingine jina la Brichard, na wafugaji wa nje humwita Binti Mfalme wa Burundi. Mkia wake una ncha mbili ndefu, mapezi yamezungushiwa weupe. Nami nampendea malezi yake: wazazi wakitaga tena, watoto wakubwa hawaondoki. Husafisha mayai, huchota mchanga pangoni, hufukuza adui. Natamani kila shule ya sekondari ya Muyinga iwe na hodhi lake, watoto wajionee udugu huo kwa macho yao.

Maji ya Tanganyika yana magadi, pH yake inakaribia 9, kwa hiyo ya mvua peke yake hayafai. Tia vipande vya mawe ya chokaa katika chujio tulilolieleza wiki iliyopita, kisha panga mawe yafanye mapango. Nunua samaki waliozaliwa hodhini. Ukiwachoka, usiwamwage katika Ziwa Rweru wala Mto Kagera.

Kuhusu kufunga ziwa, nakubali: ndagala wapate nafasi ya kuzaa. Ila samaki wa miambani huzikwa na udongo unaoporomoka kutoka milima tuliyoikata miti, na udongo hausubiri Agosti. Apandaye miti mlimani anawafuga hata asipokuwa na hodhi.

Tropheus tutamwona wiki ijayo, kwani ulishaji wake ni mwingine: anakula mwani, na nyama humvimbisha tumbo hadi kufa.