Namna ya kuona mwendo wa hewa

Hewa haionekani. Tunaisikia usoni, tunaona majani yakitikisika, lakini yenyewe inapita mbele ya macho yetu pasipo kuacha alama. Basi wale wanaounda ndege za kusafiria, wakitaka kujua namna hewa inavyolizunguka bawa, wafanyeje? Huchanganya katika hewa hiyo matone madogo sana ya mafuta, wakayamulika kwa mwanga wa lazeri uliotandazwa mwembamba kama karatasi. Hupiga picha mbili, ya pili upesi sana baada ya ya kwanza. Umbali ambao matone yamesogea, ukigawanywa kwa muda uliopita kati ya picha hizo, ndio mbio ya hewa mahali pale.

Lakini tuangalie vema: kinachopimwa ni tone, si hewa. Hewa ikipinda, tone zito huendelea moja kwa moja, na picha inasema uongo. Katika hewa iliyotulia, tone la mafuta lenye upana wa mikroni 10 (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimetre) huanguka metre 1 kwa dakika 6 hivi. Lile la mikroni 1 huhitaji saa 9 hivi. Mtu atasema: basi, tuyafanye madogo zaidi. Sivyo. Tone likiisha kuwa dogo sana kuliko wimbi la mwanga, ukilipunguza upana kwa nusu, mwanga linaoutawanya hupungua mara 64, na picha hubaki giza. Kwa hiyo hutafutwa mikroni 1 hivi. Maji hayafai, maana tone dogo namna hii hukauka mara moja katika hewa kavu.

Chombo kinachotumiwa sana huitwa kwa jina la Laskin, nacho ni rahisi kuliko tulivyodhani. Ni bomba lililozibwa chini, lenye matundu ya milimetre 1 ubavuni, likatumbukizwa katika mafuta. Hewa iliyoshindiliwa ikitoka matunduni kwa nguvu huyararua mafuta, na matone hupanda yakiwa ndani ya mapovu. Mapovu yakipasuka juu, matone huchukuliwa na hewa hadi kwenye bamba lililowekwa njiani. Hewa hupita kandokando ya bamba. Matone makubwa hayawezi kupinda nayo, hugonga na kurudi chini. Hivi ubaya ule ule wa tone zito ndio unaotumika kulichuja!

Ukungu huu usivutwe ovyo, kwa kuwa matone ya kadiri hii hufika ndani kabisa ya mapafu. Ndiyo sababu huchaguliwa mafuta yasiyo na sumu, na chumba hupewa njia ya kuutoa nje.