Mtumishi ni mgonjwa na tuhuma zipo: kamati ifanye nini?

Katika toleo hili tumeona vyema tueleze jambo ambalo kamati nyingi za usharika hukutana nalo zikiwa hazijajiandaa. Mtumishi yuko likizo ya ugonjwa, na huku nyuma yanagundulika mapungufu katika kazi yake. Je, aitwe kwenye kikao cha nidhamu akiwa kitandani? Aachwe mpaka apone? Asimamishiwe mshahara? Tunaandika hivi kwa sababu sisi wenyewe, ofisi ya miradi, tulikaribia kukosea vibaya.

Yaliyotupata

Miaka michache iliyopita, mhasibu wa mradi wetu mmoja wa maji alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akapewa cheti cha daktari cha kupumzika wiki sita. Katika wiki ya pili, tulipokuwa tukiandaa taarifa ya robo mwaka kwa wafadhili, tulikuta masurufu ya zaidi ya shilingi milioni nne hayana risiti. Siku ya kutuma taarifa ilikuwa imekaribia. Tukamwandikia barua ya kumtaka ajieleze ndani ya siku tatu na afike mbele ya kikao cha nidhamu. Dereva aliipeleka, mke wa mhasibu akaipokea. Siku ya kikao hakuja, na wajumbe wawili wakapendekeza afukuzwe siku hiyo hiyo kwa kudharau wito.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mstaafu aliyewahi kuwa ofisa utumishi, akauliza: "Mwenyekiti, huyu amekataa kuja, au ameshindwa kuja?" Hakuna aliyejibu. Kikao kikaahirishwa.

Sheria inasemaje

Hapa Tanzania suala hili linaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007. Usharika unaomlipa mlinzi, mwalimu wa chekechea au muuguzi wa zahanati ni mwajiri kama waajiri wengine. Kuitana "mpendwa" hakuondoi wajibu huo.

Mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari, au ED kama wengi tunavyoiita. Asipoleta cheti, mwajiri halazimiki kulipa. Akikileta, tuhuma peke yake hazimwondolei malipo hayo.

Kwa upande wa nidhamu, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa la utovu wa nidhamu ni lazima kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki. Uchunguzi ufanyike kwanza. Mtuhumiwa aelezwe tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia. Kanuni zinaruhusu kikao kuendelea bila yeye pale tu anapokataa kuhudhuria bila sababu ya msingi. Aliyetoka kushonwa tumbo hajakataa, ameshindwa. Swali la yule mzee lilikuwa limegusa hapo hapo.

Hata hivyo, ugonjwa haufuti tuhuma, na likizo ya ugonjwa si pango la kujifichia. Anayeleta ED ya kughushi, au anayekutwa akifanya biashara yake huku akidai hawezi kusimama, ametenda kosa jingine la nidhamu juu ya lile la kwanza.

Hatua tunazoshauri

1. Lindeni mali na kumbukumbu mara moja. Kubadilisha mtia sahihi wa hundi, au kufungua kabati mbele ya mashahidi wawili na kuorodhesha vilivyomo, hakuhitaji kikao cha nidhamu wala kusubiri mtu apone.

2. Chunguzeni yanayoweza kuchunguzwa bila yeye: taarifa ya benki, daftari la stoo, wenye maduka walikonunua vifaa. Andikeni mnachokuta, bila kuhitimisha.

3. Mwarifuni kwa barua fupi, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwamba kuna maswali, na kwamba kikao kitapangwa atakapoweza kuhudhuria. Akipenda kujibu kwa maandishi mapema, au kukutana na kamati karibu na nyumbani kwake, akubaliwe. Asilazimishwe.

4. Ugonjwa ukirefuka, ombeni kwa ridhaa yake maoni ya daktari kuhusu jambo moja: je, anaweza kukaa na kujieleza? Jina la ugonjwa wake si ajenda ya baraza la wazee, wala si habari ya kuzungumzwa nje ya kanisa baada ya ibada.

5. Akirudi, na tuhuma ni nzito, anaweza kusimamishwa kupisha uchunguzi, lakini kwa mshahara kamili.

6. Msichanganye ugonjwa na utovu wa nidhamu. Ikiwa kazi imeharibika kwa sababu mtu anaumwa, njia ni nyingine: kuzungumza naye, kuangalia kama hali ni ya muda au ya kudumu, na kutafuta kazi nyepesi kabla ya kufikiria kuachana naye.

Kwa wafadhili wetu

Tunafahamu kwamba taarifa inapochelewa mnapata wasiwasi, na mna haki ya kuuliza. Lakini tumejifunza kwamba ni afadhali tuwaandikie "hati hizi hazijakamilika, uchunguzi unaendelea, taarifa ya nyongeza itafuata" kuliko kutafuta mtu wa kumtoa kafara ili hesabu zionekane safi. Mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alitenda haki. Akishindwa anaweza kuamriwa kumrudisha kazini au kumlipa fidia, na hakuna bajeti ya mradi yenye fungu la fidia hiyo.

Mwisho wa habari yetu

Mhasibu alirudi baada ya wiki saba, akasikilizwa. Risiti za mabomba na saruji alikuwa amemkabidhi mtunza stoo asubuhi aliyokwenda kulazwa. Zilikuwa ndani ya faili la kupokelea vifaa, na katika haraka yetu hakuna aliyemuuliza mtunza stoo. Risiti za manunuzi madogo hazikupatikana kabisa. Kwa uzembe huo alipewa onyo la maandishi, akalikubali. Kisha aliuliza kwa nini barua yetu ilimfikia mkewe ikiwa haijafungwa. Hatukuwa na jibu, tukamwomba radhi.

Tangu siku hiyo, barua yoyote ya nidhamu kwa mtumishi aliye likizo ya ugonjwa haitoki ofisini kwetu kabla ya watu wawili kuisoma na kujiuliza swali la yule mzee. Tunaziomba kamati za sharika zifanye vivyo hivyo.