Chama, fundi wa Lusaka aliyetufundisha kusubiri

Desemba 23, 2018, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Simba walikuwa wamefungwa 2-1 na Nkana kule Kitwe, na nyumbani nako wakatanguliwa kwa bao la Walter Bwalya. Jonas Mkude akasawazisha, Meddie Kagere akaongeza la pili. Kwa hesabu hiyo mechi ilikuwa inakwenda kwenye matuta. Dakika ya 89 mpira ukamkuta Clatous Chota Chama ndani ya boksi, goli likiwa nyuma yake. Hakugeuka. Aliupiga kwa kisigino, ukaingia, na Simba wakarudi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza tangu 2003.

Kwa sisi wa Mkoa wa Songwe bao lile lilikuwa na uzito wa pekee. Nkana ni timu ya upande wa pili wa mpaka wetu. Ukifika Tunduma unaiona Nakonde kwa macho, malori yanapanga foleni kuingia Zambia, na watu wana shemeji na wajomba pande zote mbili. Siku ile Mzambia aliwatoa Wazambia wenzake akiwa na jezi nyekundu ya Simba. Wapo ndugu waliotaniana kwa bao hilo hadi mwaka ukaisha.

Kwetu Mkwajuni, mkoani humo, si mpakani, lakini mpira wa Zambia haukuwa mgeni. Wazee walishamjua Kalusha Bwalya, aliyeifunga Italia mabao matatu peke yake katika ushindi wa 4-0 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Chama alipotua Simba mwaka 2018 akitokea Lusaka Dynamos, kuna waliosema mapema kwamba huyu ni wa ukoo uleule wa miguu. Mimi nilisubiri kwanza nimwone.

Kumwona kwetu ni kwenye kibanda umiza. Huku ni kwenye dhahabu. Siku ya mechi kubwa vijana wanatoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na kwenye makarasha ya kusagia mawe bado wana vumbi la mawe kwenye kope, wanalipa mlangoni, wanabanana kwenye mabenchi ya mbao. Simba upande huu, Yanga upande ule. Jenereta likikata kabla ya kona kupigwa, mwenye kibanda anatukanwa na pande zote mbili kwa sauti moja. Ni watu wanaotaka mambo ya haraka: piga mbele, kimbiza, shuti. Chama alikuwa kinyume cha hayo yote. Anapokea mpira, anasimama, anaukanyaga, beki anajaa, watu wanapiga kelele "toa!", na yeye bado anangoja. Halafu pasi inapita katikati ya miguu ya watu wawili, na mshambuliaji anajikuta yuko peke yake na kipa. Baada ya muda kelele za "toa!" zilipungua. Kibanda kizima kilijifunza kunyamaza mpira ukiwa kwake. Sijawahi kuona mchezaji mwingine akipewa heshima hiyo na watu wasiotulia kama sisi.

Machi 16, 2019, aliirudia kazi ile. Simba walikuwa wamefungwa 5-0 Kinshasa na AS Vita, na 5-0 nyingine Misri na Al Ahly. Walihitaji kuwafunga Vita nyumbani ili waingie robo fainali. Vita wakatangulia, Mohamed Hussein "Tshabalala" akasawazisha, na dakika ya 90 Chama akafunga la pili. Msimu wa 2019/20 akawa mchezaji bora wa Ligi Kuu. Katika misimu yake mitatu ya mwanzo Simba walibeba ubingwa mara tatu.

Agosti 2021 alikwenda RS Berkane ya Morocco, akarejea Januari 2022. Wengi walidhani ameisha. Machi 18, 2023, Horoya ya Guinea walipigwa 7-0 na yeye akafunga matatu.

Kisha ikaja Julai 2024. Yanga wakamtangaza kuwa mchezaji wao.

Nimeshabikia Simba maisha yangu yote, na sitaki kuficha kwamba iliniuma. Lakini yaliyofuata yaliniuma zaidi. Watu waliokuwa wakimwita Mwamba wa Lusaka walianza kusema hakuwahi kuwa na lolote, kwamba mabao yake yalikuwa ya bahati. Huo ni uongo, na ni uongo wa kujinyima wenyewe. Kisigino kile cha Nkana ni chetu. Mchezaji akihama, anaondoka na mkataba wake, furaha aliyotupa haifutiki. Mpira ni kazi, mkataba ukiisha mtu anakwenda anakolipwa, na kijana anayehama duara moja kwenda lingine kwa sababu mawe yanatoa vizuri anapaswa kulielewa hilo kuliko mtu wa mjini.

Akiwa Yanga alitwaa ubingwa wa msimu wa 2024/25, kisha akajiunga na Singida Black Stars. Hapo Mkwajuni kikatokea kitu nilichokuwa nikikitamani. Kwa vile hakuwa tena wa Simba wala wa Yanga, mabenchi ya pande zote mbili yaliweza kumpigia makofi bila kuulizana umevaa rangi gani.

Chama alizaliwa 1991, kwa hiyo siku ya kutundika daluga haiko mbali. Ombi langu kwa viongozi wa Simba na Yanga ni moja: waandae mechi ya kumuaga, watani wa jadi wenyewe kwa wenyewe, acheze kipindi cha kwanza huku na cha pili kule. Na waicheze Jumapili, siku ambayo vijana wengi wa machimboni wanapata nafasi ya kukaa kibandani mapema.